Seti ya kutunza sauna kwenye hewa ya Malindi: cha kununua na cha kuacha

Seti hizi huja zimepangwa ndani ya ndoo ya mbao: chupa ya sabuni, chupa ya mafuta ya benchi, kichupa cha king'arisha mbao, brashi, vipande vya msasa, kata yenye mpini mrefu na kijitabu cha maelekezo. Wenye majumba ya Casuarina na Silversands huziagiza pamoja na sauna zenyewe, au huletewa na wageni wao masandukuni. Chapa ni nyingi lakini yaliyomo hayapishani sana, kwa hiyo hapa kila kifaa kinapimwa kwa kazi yake na jina la kibandikoni limeachwa lilipo. Sauna inayozungumziwa ni ile ya kawaida ya nyumbani, chumba cha mbao cha kukaa kwenye joto kali ili kutoa jasho: mita za ujazo 5 hadi 8, jiko la umeme la kilowati 6 lenye mawe ya kumwagia maji, kuta za sprusi, benchi za aspeni au abachi (zote ni mbao nyepesi za kuagizwa), mlango wa kioo.

Mwenye haraka achukue hili. Mafuta na brashi vinastahili pesa zake. Sabuni na king'arisha vina ndugu zao hapa hapa Malindi kwa bei ya kujichekea. Msasa uliomo hautoshi. Kata itakutia hasira. Na kijitabu, ukikifuata neno kwa neno, kitakuozeshea sauna.

Tuanze na hicho kijitabu, maana ndiko makosa mengi yanakozaliwa. Kinasema ukimaliza, zima jiko, acha mlango wazi, chumba kitajikausha chenyewe. Ufini, zilikotoka sauna, ni kweli: hewa ya nje ya baridi ikiingia ndani ikapata joto huwa kavu mno, na hunyonya maji ya mbao kama mchanga wa pwani unavyonyonya mvua. Malindi hewa inayoingia ina nyuzi 27 au 28 na unyevu wa asilimia 75 hadi 80, na usiku hupanda zaidi. Ubao ukikaa kwenye hewa ya asilimia 80 hutulia ukiwa na maji ya kiasi cha asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Kuvu nayo huanza kuota pale hewa iliyogusana na ubao inapokaa juu ya asilimia 80 kwa siku kadhaa mfululizo. Yaani sauna ya hapa ikiachwa mlango wazi usiku kucha huwa tayari imefika mpakani mwa kuvu, hata kama hakuna aliyemwaga tone la maji. Wiki ina saa 168. Ukiwasha jiko kwa muda wa saa mbili, zile 166 zilizobaki ndizo zinazokula mbao.

Dawa ni kukausha kwa moto. Mtu wa mwisho akitoka, nyanyua kichanja cha sakafuni ukisimamishe ukutani, sukuma maji ya sakafu hadi shimoni kwa mpira wa kusukumia maji, fungua matundu yote mawili ya hewa, la chini karibu na jiko na la juu upande wa pili, kisha acha jiko liwake dakika 20 hadi 30 bila kumwagia mawe maji tena. Zima. Mlango uache na upenyo wa ngumi moja hadi chumba kipoe kiasi cha kuvumilika, halafu ufunge, matundu yakibaki wazi. Ule uvuguvugu unaobaki ndani ndio unaofanya kazi usiku. Kabla ya yote hayo hakikisha matundu yanapumua kweli: nyigu wa udongo hupenda sana kujenga kwenye tundu la juu, na sauna yenye tundu lililozibwa hutoa harufu ya kuvunda ambayo watu huhangaika kuiosha kwa sabuni miezi na miezi. Stima ikikatika katikati ya kukausha, na hukatika, pangusa benchi kwa kitambaa kikavu, kisha uwashe upya ikirudi, wewe mwenyewe ukiwepo. Usiache swichi imewashwa ukaondoka ukiisubiri: kuna majiko yanayowaka yenyewe stima ikirudi, na taulo lililosahauliwa juu ya mawe halihitaji muda mrefu kushika moto.

Sabuni ya kwenye seti ni sabuni laini isiyo na ukali wa asidi wala wa magadi. Ni nzuri. Tatizo ni kwamba unalipia maji yaliyosafirishwa kutoka Ulaya. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ile isiyo na rangi wala manukato makali, hufanya kazi ile ile: kijiko kimoja cha chakula kwa lita 5 za maji vuguvugu. Manukato yasikudanganye, kwa sababu yakikutana na joto la nyuzi 80 hugeuka harufu nyingine kabisa.

Namna ya kuosha ni muhimu kuliko chapa. Lowesha ubao wote kwanza kwa maji matupu, ndipo upake sabuni. Ukilowesha kipande tu, ukingo wa maji huacha mstari usiotoka. Sugua kufuata nyuzi za mbao, anza benchi ya juu ushuke, acha dakika 5, suuza kwa maji safi mara mbili. Bomba la maji ya kasi lisiingie humu kabisa. Hufumua nyuzi na kusukuma maji nyuma ya mbao za ukuta, na hayo hayatoki kwa wiki. Benchi zioshwe kila wiki kama sauna inatumiwa mara tatu au zaidi, na mara moja kwa mwezi zinyanyuliwe ziangaliwe chini. Chini ya benchi ya chini, pembe ya mbali na jiko, ndipo kuvu inapoanza kila mara, kwa sababu joto halifiki vizuri: wakati juu kuna nyuzi 85, sakafuni huwa kuna 35 au 40 tu.

Brashi ya seti inafaa, na hii ndiyo sababu: nywele zake ni za mmea, ngumu kiasi, na hazina waya. Watu wengi wakiikosa hukimbilia sufi ya chuma ya kusugulia masufuria. Vijisehemu vyake vidogo hubaki ndani ya ubao, chumvi ya hewani huvipatia kutu mara moja, na mbao zenye tanini, ile kemikali ya asili yenye ukali kama wa chai, hugeuka madoadoa meusi yasiyokwisha ila kwa msasa. Ikikosekana brashi ya seti, brashi ya makumbi inatosha, mradi usiikandamize.

Doa la kawaida Malindi halitokani na jasho. Ni mafuta ya kujikinga na jua ya wageni wanaotoka ufukweni, yakifuatiwa na mafuta ya nazi. Hapo sabuni peke yake haishindi. Changanya vijiko viwili vya chakula vya magadi ya kuokea kwa lita moja ya maji ya moto, paka, ngoja dakika 10, sugua, suuza sana. Kwa sprusi na aspeni hakuna shida. Kama kuta zako ni za mwerezi, jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa sababu magadi hukoleza rangi ya mbao zenye tanini. Lakini kinga ni rahisi kuliko hayo yote: mtu aoge kwa sabuni kabla ya kuingia, mchanga uoshwe miguuni (mchanga kwenye benchi ni msasa usioombwa), na kila mmoja akalie kitambaa. Taulo ni sawa. Kikoi kilichokunjwa mara mbili ni bora, hukauka upesi, ila kisiwe kipya. Kikoi ambacho hakijafuliwa mara tatu nne kitachapa mistari yake kwenye aspeni nyeupe, na hiyo chapa hutaifuta kwa sabuni.

King'arisha cha kichupani mara nyingi ni dawa ya kuondoa weusi wa kuvu na wa kuzeeka. Kinafanya kazi, ila maji ya oksijeni (haidrojeni peroksaidi) ya asilimia 3 kutoka duka la dawa hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Paka kwenye doa kwa kitambaa, acha dakika 10, sugua, rudia mara ya pili kama weusi umebaki, suuza, kisha washa jiko hadi nyuzi 60 kwa saa moja matundu yakiwa wazi. Vaa glavu. Usichanganye na siki ndani ya chombo kimoja. Weusi ukirudi mahali pale pale ndani ya wiki mbili, acha kununua dawa: maji yanatoka mahali fulani, ama nyuma ya ukuta ama kwenye kichanja kisichoinuliwa.

Na jiki? Jiki ibaki kwenye kufulia. Klorini hula kile kinachoshikanisha nyuzi za mbao, ubao ukabaki na manyoya yanayonyonya jasho zaidi kuliko mwanzo. Huacha chumvi ndani ya ubao, hutoboa chuma cha jiko na bawaba, na ubao uliopakwa usiposuuzwa vizuri hutoa mvuke unaochoma macho siku jiko likiwashwa. Ikichanganywa na siki au ndimu hutoa gesi ya sumu, na chumba cha sauna hakina dirisha.

Sasa mafuta, kifaa bora kuliko vyote kwenye ndoo, na chenye hatari kubwa kuliko vyote mtu akitaka kukibadilisha kwa cha bei nafuu. Kwenye kibandiko huandikwa kuwa ni mafuta ya parafini. Ndiyo, ila ni parafini iliyosafishwa, isiyo na rangi, harufu wala ladha, aina ile ile ya mafuta meupe yanayouzwa maduka ya dawa kwa matumizi ya tumbo. Kenya ukimtuma mtu dukani akuletee parafini atarudi na mafuta ya taa. Usicheke, neno ni hilo hilo. Mafuta ya taa yakipakwa kwenye benchi halafu jiko likawashwa, chumba hujaa mvuke unaowaka. Anayeagizwa aambiwe aende duka la dawa, asiende duka la rejareja wala kituo cha petroli, na chupa ifunguliwe inuswe nje kabla ya kuingizwa sauna: yenye harufu yoyote irudishwe.

Wapo watakaokushauri vingine. Fundi aliyezoea majahazi, hasa akiwa wa Lamu, atakutajia sifa, yale mafuta ya papa, na kwa chombo cha baharini hana kosa. Huzuia maji na wadudu wa mbao. Ndani ya sauna, sifa kwenye nyuzi 80 itawatoa watu nje mbio, na harufu haitaondoka hadi mbao zing'olewe. Mafuta ya nazi huchacha. Mafuta ya kitani hunata kwenye joto, na vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vikitupwa kwa fundo huweza kujiwasha moto vyenyewe, jambo ambalo parafini ya dawa haifanyi. Vanishi ni kosa la kawaida kuliko yote, kwa sababu inapendeza siku ya kwanza: hufunga ubao usipumue, hupasuka kwa joto, huchoma ngozi ya anayekaa, na kuitoa ni kazi ya siku mbili za msasa.

Kupaka: benchi ziwe zimeoshwa na kukauka siku mbili, zikiwa zimekaushwa kwa moto kila siku. Sugua kwa msasa namba 120 palipo na doa au manyoya, malizia namba 180 kote, kila mara kufuata nyuzi. Seti huleta kipande kimoja au viwili vya ukubwa wa kiganja, ambavyo havimalizi hata benchi moja. Nunua karatasi nne za 120 na nne za 180, pamoja na kipande cha ubao cha kuzungushia, usisugue kwa vidole vitupu utachimba mabonde. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Washa sauna ifike nyuzi 40 hivi, zima jiko, paka mafuta kwa kitambaa cha pamba, kote juu, pembeni na kwenye vichwa vya mbao. Vichwa ndivyo vinavyokunywa maji zaidi. Ngoja dakika 20, futa yote yasiyoingia. Yakiachwa mengi hubaki mazito juu na kuchafua nguo. Kisha washa hadi nyuzi 80 kwa saa moja bila mtu ndani, na upanguse matone yatakayotoka. Nusu lita inatosha benchi, egemeo na kichanja cha chumba cha ukubwa huu na kubaki. Kijitabu kinasema mara moja kwa mwaka. Hapa mara mbili, kabla ya wageni wa Desemba na kabla ya masika.

Ubao wa benchi ukifa kabisa, swali huwa ubadilishwe kwa mbao gani. Hapa mafundi wa Malindi hukosea kwa nia njema, wakileta mti bora walionao. Mbambakofi ni mti wa milango ya Lamu, haushindwi na mvua wala mwaka, ila uzito wake ni zaidi ya mara mbili ya abachi, na mbao nzito hupeleka joto kwenye ngozi upesi. Kukaa juu yake kwenye nyuzi 85 hakuwezekani. Mvule ni hivyo hivyo, na vumbi lake huwasha. Paini ya bara hutoa utomvu unaochemka. Kwa benchi hakuna njia ya mkato: aspeni au abachi ya unene wa milimita 28 hivi, isiyo na vifundo. Skrubu zipigwe kutoka chini, ziwe za chuma kisichopata kutu cha daraja la 316. Zile za 304 zinazoitwa stenlesi madukani huanza kutoa machozi ya kahawia zikipata msimu mmoja wa kusi karibu na bahari, na machozi hayo hutiririka kwenye mbao.

Kwenye ndoo hakuna hata kitu kimoja cha kutunza jiko na mawe. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea, na hapo ndipo seti inapopoteza alama nyingi kwetu.

Jiko la kilowati 6 la kutundika ukutani hubeba kilo 20 hadi 25 za mawe ya sentimita 5 hadi 10, ya mwamba mgumu uliozaliwa na moto wa ardhini, kama peridotaiti au diabesi yenye olivini. Malindi yote imekaa juu ya matumbawe, na kishawishi cha kuokota ni kikubwa. Jiwe la matumbawe ndilo lile lile linalochomwa tanurini kupata chokaa. Lina matundu, limebeba chumvi, na likikaa kwenye koili iliyopata moto mwekundu huanza kumeguka na kugeuka chokaa, unga ukaingia kwenye mvuke unaovutwa na watu. Mawe ya mtoni nayo huweza kuwa na maji yaliyonaswa ndani yakapasuka. Nunua mawe yaliyotayarishwa kwa sauna, hili halina mbadala.

Kila baada ya miezi sita, jiko likiwa limepoa na breka imeshushwa, toa mawe yote. Gonganisha mawili mawili: jiwe lililo zima hulia, lililochoka hutoa mlio mfu na kumwaga changarawe. Tupa yaliyochoka, zoa vipande vilivyoanguka chini ya koili, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyozuia hewa kupita na kufanya koili zijikaange. Mawe mazima yenye utando mweupe yaloweke saa moja kwenye gramu 50 za ndimu ya unga kwa lita moja ya maji, ile ile ya kutilia achari, kisha sugua na usuuze. Kurudisha ni ustadi: makubwa chini, madogo juu, yakae kwa kulegea hewa ipite, na lisiwepo hata moja lililobanwa kati ya koili mbili. Koili ikipata moto hurefuka. Ikibanwa na jiwe hupinda, ikigusana na mwenziwe mwisho wake umefika. Koili zisionekane kwa juu. Zikionekana, mbao zilizo karibu huungua na kile kikatizi cha joto kupita kiasi huruka kila mara, mtu akadhani swichi ni mbovu.

Maji ya kumwagia mawe yapimwe kwa sufuria. Chemsha lita moja hadi ikauke, tazama kilichobaki. Visima vingi vya Malindi vimechimbwa kwenye matumbawe, maji yake ni magumu na mengine yana chumvi. Kisima chenye gramu 2 za chumvi kwa lita, ukimwaga lita 3 jioni moja, umeacha gramu 6 kwenye mawe na koili, kijiko kizima cha chai. Fanya hivyo mara tatu kwa wiki halafu uulize kwa nini chuma kimetoboka. Maji ya bahari, ambayo kuna wanaoyataka kwa kuamini yana afya, yana gramu 35 kwa lita, na watengenezaji wa majiko huyakataza waziwazi. Yanayofaa kuliko yote ni ya mvua. Mwenye jabia au tangi la paa la vigae atenge madumu mawili kwa sauna, mvua ya kwanza ya msimu iachwe ioshe paa. Ya bomba yanayotoka Baricho, kando ya Sabaki, yapite kwenye kipimo kile kile cha sufuria kabla ya kuaminiwa.

Upande wa stima, kilowati 6 kwenye volti 240 ni ampea 25, kwa hiyo jiko liwe na waya wake peke yake na breka yake, na kipande cha mwisho ndani ya chumba kiwe waya wa mpira au silikoni unaohimili joto. Ule wa plastiki wa kawaida hukauka na kupasuka. Mara moja kwa mwaka fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, afungue kisanduku cha viungio akaze skrubu na kusafisha kutu ya kijani. Hewa ya chumvi hulegeza viungio hivyo, kiungio kilicholegea hupata moto, na plastiki huyeyuka. Kosa linalochanganya watu zaidi ni hili: nyumba imefungwa miezi mitatu, sauna inawashwa, na ile breka inayokata stima inapovuja inaruka papo hapo. Mara nyingi koili haijafa. Unga wa magnesia ulio ndani yake umenyonya unyevu wa hewa kupitia ncha. Asitokee mtu wa kuiruka breka kwa kipande cha waya. Fundi apime kuvuja kwa mita ya kupimia insulesheni, azitoe koili akazikaushe kwenye joto la nyuzi 120 hivi kwa saa kadhaa, apime tena. Isipopona hapo, ndipo inunuliwe nyingine.

Kioo cha mlango hufutwa kwa ndimu ya unga iyo hiyo na kupanguswa. Kipimajoto cha chemchemi ya chuma usikiamini baada ya miaka miwili. Mlango wenye fremu ya mbao ukikwama mwezi wa Mei usiurande. Umevimba kwa masika, na kaskazi ikija utabaki na pengo la kupitisha panya. Legeza bawaba, ngoja.

Miezi ya kufunga nyumba, kuanzia Aprili hadi Juni, ndiyo inayoamua sauna itadumu miaka mitano au ishirini, na kijitabu hakisemi lolote. Feni haisaidii, inazungusha hewa ile ile mbichi. Kinachosaidia ni joto dogo la kudumu. Hewa ya nyuzi 27 yenye unyevu wa asilimia 80 ikipashwa hadi nyuzi 32 hushuka hadi asilimia 60 bila kuondolewa hata tone la maji, na kwenye asilimia 60 kuvu haioti. Kwa chumba chenye insulesheni nzuri, hita ndogo ya mrija ya wati 60 hadi 100 iliyowekwa sakafuni, mlango umefungwa na matundu yakiwa wazi robo, huleta tofauti hiyo. Bandika karatasi kwenye swichi ya jiko: hita itolewe kabla ya kuwasha. Mlinzi wa nyumba aombwe pia awashe jiko mara moja kwa wiki, nyuzi 60, kwa muda wa saa moja. Hapo hata koili zinabaki kavu.

Mimina maji lita mbili kwenye shimo la sakafu kisha kijiko cha ile parafini ya dawa juu yake. Utando wa mafuta huzuia maji ya kwenye kona ya bomba yasikauke, na bila maji hayo mende na harufu ya tangi la choo vina njia ya wazi.

Mchwa wanaogopwa pasipo sababu juu na kusahauliwa chini. Nyuzi 56 kwa nusu saa hutosha kuua wadudu ndani ya mbao, kwa hiyo benchi ya juu iko salama. Mbao za chini za fremu, zisizopata zaidi ya nyuzi 40, hazina ulinzi huo. Zisigusane na ukuta wa udongo wala mchanga. Ziwe juu ya vigae, na kila mwezi mtu apige magoti na tochi atafute vijia vya udongo nyuma ya jiko na chini ya mlango. Abachi ni laini, kwa mchwa ni mkate.

Imebaki ndoo na kata. Ndoo ya vipande vya mbao na pete za chuma inapendeza pichani, lakini hapa haikauki, ndani huota utelezi na pete hushika kutu. Weka ndoo ya plastiki ndani yake au iache iwe ya kuwekea mauwa. Kata ya seti ina kichwa cha shaba na mpini wa mbao uliogundishwa. Gundi hulegea kwa joto na kichwa hudondokea kwenye mawe, kwa kawaida siku ya wageni. Kata ya kifuu cha nazi inaizidi kwa kila kitu. Haipati moto, haishiki kutu, na hubeba kiasi kinachofaa kwa mmwago mmoja. Chagua kifuu kilichokomaa cheusi, mpini wa sentimita 40 unaopita pande zote mbili za kifuu bila gundi, kisafishwe ndani hadi nyama yote ya nazi iishe ama itanuka ikipata mvuke. Iloweke usiku mmoja kabla ya kuanza kuitumia, mbao za mpini zivimbe zibane tundu. Ukimaliza itundike nje ya sauna, kinywa chini. Ikipasuka, chukua nyingine sokoni siku ukienda kununua nazi.